Mwanzo na Mateso ya Uamsho wa Kipentekoste: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waumini wa Kigoma na Tabora

Maswali haya huulizwa na vijana wa madarasa ya ubatizo, walimu wa Shule ya Jumapili na waumini wa kawaida wa Kigoma, Ujiji, Kasulu, Kibondo na maeneo ya Tabora, ambao wamelelewa katika wokovu lakini hawajapata kusimuliwa kwa utaratibu imani hii ilitoka wapi na iliwagharimu nini waliotutangulia. Nimejibu kwa urefu pale ambapo habari ni nyingi, na kwa ufupi pale ambapo neno moja linatosha.

Uamsho wa Kipentekoste ulianza wapi na lini?

Mpentekoste akiulizwa swali hili, kwanza atafungua Matendo ya Mitume sura ya 2, na hakosei. Anayetaka kujua kuhusu uamsho wa nyakati zetu, hata hivyo, atakutana na tarehe mbili. Ya kwanza ni 1 Januari 1901, katika mji wa Topeka, jimbo la Kansas nchini Marekani, ambako dada mmoja aitwaye Agnes Ozman, mwanafunzi wa chuo kidogo cha Biblia cha mhubiri Charles Parham, aliwekewa mikono akanena kwa lugha, yaani akatamka maneno ya lugha asiyojifunza. Ya pili ni 9 Aprili 1906, katika mji wa Los Angeles, ambako kikundi cha watu weusi waliokuwa wakikesha katika maombi nyumbani kwa Richard na Ruth Asberry, mtaa wa Bonnie Brae, kilishukiwa na nguvu ileile, na siku chache baadaye kikahamia mtaa wa Azusa.

Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na uamsho wa Wales wa 1904 na 1905, na ule wa 1905 huko Mukti, nchini India, katika makao ya wajane na yatima yaliyoanzishwa na mama Mhindi, Pandita Ramabai. Kwa maoni yangu si haki kuitaja Marekani peke yake kana kwamba Mungu alikuwa na anwani moja tu, ingawa ni kweli kwamba Azusa ndiko habari zilikosambaa kwa kasi kuliko kwingine kote.

Je, Topeka palikuwa na mafanikio tangu mwanzo?

Hapana. Mwezi Machi 1901 Parham alifiwa na mwanawe aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja. Jumba walilokuwa wakilitumia kama chuo liliuzwa, na kabla ya mwaka kwisha likateketea kwa moto. Wanafunzi walitawanyika, na kwa muda mrefu ujumbe huo ulibaki kwa watu wachache waliokuwa wakihubiri katika miji midogo ya Kansas, Missouri na Texas, mara nyingi bila mahali pa uhakika pa kulala.

William Seymour alikuwa nani?

William Joseph Seymour alizaliwa 1870 huko Centerville, jimbo la Louisiana, na wazazi waliokuwa wamezaliwa utumwani. Alikua katika umaskini, akafanya kazi ya kuwahudumia wageni mezani katika hoteli za miji ya kaskazini, na akiwa kijana alipatwa na ndui iliyompofusha jicho la kushoto. Baada ya kupona alijitoa kikamilifu katika kazi ya kuhubiri.

Mwaka 1905 alikuwa Houston, Texas, ambako Parham alikuwa amefungua shule ya Biblia. Sheria na desturi za ubaguzi wa rangi katika jimbo hilo hazikumruhusu mtu mweusi kuketi darasani pamoja na weupe, na Parham mwenyewe hakuwa tayari kuzivunja. Kwa hiyo Seymour alisikiliza masomo akiwa nje ya chumba, mlango ukiwa umeachwa wazi. Sehemu hii ya historia hatupaswi kuipita haraka. Mtu ambaye huduma yake iliubeba ujumbe hadi pembe zote za dunia, ujumbe ambao leo unahubiriwa Mwanga, Gungu na Buhigwe, alijifunza akiwa nje ya mlango, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kulipiza uchungu huo kwa chuki.

Mwezi Februari 1906 alialikwa Los Angeles na mama mchungaji, Julia Hutchins, aliyekuwa na kanisa dogo la watu weusi. Seymour alihubiri kwamba ishara ya ubatizo wa Roho Mtakatifu ni kunena kwa lugha, jambo ambalo wakati huo yeye mwenyewe alikuwa bado hajalipata. Aliporudi kwa ibada nyingine alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Akiwa mgeni mjini, bila nauli ya kurudi Texas, alipokewa na Edward Lee, mfanya usafi wa kawaida, ambaye nyumba yake haikuwa kubwa, na hapo wakaanza kuomba. Lee ndiye aliyenena kwa lugha wa kwanza tarehe 9 Aprili. Seymour alipokea siku tatu baadaye.

Ibada za mtaa wa Azusa zilikuwaje?

Jengo la namba 312 lilikuwa la mbao, la ghorofa mbili, na ukubwa wake kwa chini ulikuwa kama mita 12 kwa 18. Zamani lilikuwa kanisa la Wamethodisti weusi, kisha likageuzwa ghala na zizi la farasi. Waumini walisafisha kinyesi na takataka, wakatandaza pumba za mbao sakafuni, wakapanga mbao juu ya makasha na mapipa ya misumari ili ziwe viti. Mimbari yalikuwa makasha mawili ya kubebea viatu, yaliyopangwa moja juu ya jingine, na waliokuwapo wameandika kwamba mara nyingi Seymour alikaa nyuma yake akiwa ameinamisha kichwa ndani ya kasha la juu, akiomba, huku ibada ikiendelea bila yeye kuielekeza kwa neno lolote.

Ibada zilifanyika mara tatu kwa siku, na hali hiyo iliendelea kwa takriban miaka mitatu. Hapakuwa na jukwaa la wageni wa heshima wala ratiba ya wasemaji. Dobi, mpishi, mfanyakazi wa ndani na mhubiri aliyesoma vyuo walisimama kwa zamu kushuhudia, weusi na weupe, Wamexico na watu kutoka Asia, katika nchi ambayo majimbo yake mengi yalikuwa na sheria za kuwatenganisha. Muumini wa Kigoma aliyezoea mkesha wa Ijumaa, watu wakiomba kwa sauti kila mmoja kwa nafsi yake hadi mtu wa mwisho atulie, angejisikia nyumbani mle ndani bila kuelekezwa.

Kwa nini walidharauliwa na kupingwa?

Sababu zilikuwa kadhaa na zilichanganyikana. Kwanza ni namna ya ibada yenyewe. Gazeti la Los Angeles Times liliandika habari zao tarehe 18 Aprili 1906 kwa maneno ya kejeli, likiwaonyesha kuwa watu waliopandwa na wazimu na wanaotoa sauti zisizoeleweka. Siku hiyohiyo San Francisco ilitikiswa na tetemeko kubwa la ardhi, na wengi waliokuwa na hofu wakaanza kumiminika Azusa, kwa hiyo kejeli ya gazeti iliwafikia watu waliokuwa tayari kutafuta majibu.

Sababu ya pili ilikuwa rangi. Kuona mwanamke mweupe amepiga magoti na kuwekewa mikono na mchungaji mweusi kuliwaudhi watu wengi kuliko hata kunena kwa lugha. Mambo hayo yalisemwa waziwazi, hata na wahubiri wa Injili.

Sababu ya tatu ilikuwa ya mafundisho. Makanisa ya utakatifu, ambayo yalikuwa jirani wa karibu kabisa wa Wapentekoste, ndiyo yaliyokuwa makali zaidi. Huko Ujerumani viongozi wa kiinjili walikutana Berlin mwezi Septemba 1909 wakatoa tamko kwamba roho ya uamsho huo haikutoka juu bali ilitoka chini. Tamko hilo liliwatenga Wapentekoste wa Ujerumani na ndugu zao kwa miaka mingi sana. Ninaposikia leo Mpentekoste wa Kigoma akilihukumu kanisa jingine kwa haraka, humkumbusha habari hii ya Berlin.

Ni kweli kwamba wamisionari wa kwanza waliamini hawahitaji kujifunza lugha za watu?

Ni kweli, na waliteseka kwa ajili ya imani hiyo. Parham alifundisha kwamba lugha anazonena mtu aliyejazwa Roho ni lugha halisi za mataifa, na kwamba amepewa ili aende akahubiri huko bila kupoteza miaka darasani. Watu waliuza vitu vyao, wakanunua tiketi za meli za kwenda tu, bila chama cha kuwatuma wala mshahara.

Alfred Garr na mkewe Lillian, waliotoka Azusa, walifika Calcutta mwanzoni mwa 1907 wakiamini kwamba wamepewa Kibengali. Waliposimama kuhubiri, wenyeji hawakuwaelewa. Wengine katika hali kama hiyo walirudi makwao wakiwa wamevunjika moyo, na wengine walikufa kwa magonjwa na njaa katika nchi ambazo hawakuweza hata kuomba maji kwa lugha ya watu. Garr hakurudi. Alibadili ufahamu wake, akafundisha kwamba kunena kwa lugha ni kwa ajili ya sala na sifa kwa Mungu, akaendelea na kazi India kisha Hong Kong. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyofanya wamisionari waliokuja baadaye upande wetu wafike wakiwa na madaftari ya kujifunzia Kiswahili, Kinyamwezi, Kiha na Kirundi.

Namheshimu Garr kwa jambo hili kuliko kwa mahubiri yake. Kukiri hadharani kwamba tarajio ulilolitangaza halikutimia, na bado usiiache imani, ni kazi ngumu kwa mtumishi yeyote.

Mateso yalitoka nje tu, au pia ndani ya kanisa lenyewe?

Yalitoka kote kuwili, na nadhani ya ndani yaliumiza zaidi. Mwezi Oktoba 1906 Parham alikuja Azusa kwa mwaliko wa Seymour. Badala ya kufurahi, aliukemea mkutano, akachukizwa hasa na kuona weusi na weupe wakichanganyikana katika maombi. Wazee wa Azusa walimkataa, naye akafungua mikutano yake karibu. Hivyo mwalimu na mwanafunzi walitengana kabla uamsho haujatimiza mwaka.

Mwezi Mei 1908 Seymour alimwoa Jennie Evans Moore, na baadhi ya waumini hawakuridhika, kwa kuwa waliona kurudi kwa Bwana kumekaribia mno kiasi kwamba ndoa haikuwa na nafasi. Katika kipindi hicho dada Clara Lum, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Azusa, alihamia Portland kwa Florence Crawford akiwa na orodha za anwani za wasomaji. Gazeti hilo lilikuwa limeanza Septemba 1906 na lilitumwa bure kwa maelfu ya watu ulimwenguni. Bila anwani, Seymour hakuweza kuwafikia, na sauti ya Azusa ikanyamaza kwa wasomaji wake.

Mwaka 1911 William Durham kutoka Chicago alihubiri Azusa wakati Seymour amesafiri, akipinga fundisho lake juu ya utakaso. Seymour aliporudi, mlango ulifungwa tena, safari hii kwa agizo lake, na Durham akaondoka na sehemu kubwa ya watu. Miaka michache baadaye likazuka suala la kubatiza kwa jina la Yesu peke yake, lililowagawa Wapentekoste wa Marekani hadi leo. Na Aprili 1914, huko Hot Springs, Arkansas, lilipoundwa shirika la Assemblies of God, karibu wote waliohudhuria walikuwa weupe. Ule umoja wa rangi ulioonekana katika zizi la farasi ulikuwa umedumu miaka michache tu.

Seymour alifariki 28 Septemba 1922, akiwa na kusanyiko dogo. Mkewe aliendelea kulichunga, na jengo likabomolewa 1931.

Wanawake walikuwa na nafasi gani?

Kubwa, na ni aibu kwamba tunawataja kwa nadra. Mbali na Agnes Ozman, Julia Hutchins na Jennie Moore, yupo Lucy Farrow, aliyezaliwa utumwani, ambaye ndiye aliyemfahamisha Seymour kwa Parham, na ambaye alikwenda Liberia kuhubiri. Yupo pia Marian, mama aliyefika Afrika Mashariki ya Kijerumani pamoja na mumewe Karl Wittich kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mumewe alifariki muda mfupi baada ya kufika. Mjane huyo hakuiacha Afrika. Baadaye aliolewa na Otto Keller, na kazi yao ya Nyang'ori, magharibi mwa Kenya, ikazaa mojawapo ya makanisa makubwa ya Kipentekoste ya nchi hiyo.

Uamsho ulifikaje huku kwetu kwenye Ziwa Tanganyika?

Haukuja moja kwa moja kutoka Amerika. Kusini mwa Afrika ulifika 1908 kwa akina John G. Lake, na Lake alifiwa na mkewe mwezi Desemba mwaka huohuo, akabaki na watoto wengi wadogo. Upande wa Kongo, Waingereza William Burton na James Salter walifika Mwanza ya Katanga mwaka 1915. (Msomaji asichanganye na Mwanza yetu ya Ziwa Victoria.) Mwenzao mzee, George Armstrong, alikufa kwa malaria njiani kabla ya kufika, na wao wenyewe walianza kazi wakiwa hoi kwa homa. Kazi yao isingeenea kama si watumwa waliokombolewa waliorudi kutoka Angola wakiwa wameokoka huko, miongoni mwao mtu aitwaye Shalumbo, waliotembea majuma mengi kurudi katika nchi waliyotekwa ili kuwahubiria ndugu zao.

Kwa upande wetu wa ziwa, mkondo muhimu zaidi ulikuwa wa Waswidi. Walianza kazi Uvira, ng'ambo ya kaskazini mwa ziwa, mwaka 1921; Tanganyika mwaka 1932; na Burundi, huko Kiremba, mwaka 1935. Anayetazama ramani ataelewa mara moja kwa nini Kigoma imo katikati ya habari hii. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa aliyetoka pwani ya Bahari ya Hindi, njia ya kwenda Uvira au Usumbura (Bujumbura ya leo) ilikuwa treni hadi Kigoma, kisha chombo cha majini. Meli iliyozamishwa na Wajerumani wakati wa vita iliibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na kwa miongo mingi wasafiri wa ziwa, wahubiri wakiwemo, walilala kwenye sitaha yake pamoja na magunia ya dagaa.

Kwa nini Waswidi, na si Wamarekani?

Thomas Ball Barratt, mchungaji wa Kimethodisti wa Norwe, alikwenda Marekani 1906 kuchangisha fedha za kanisa lake. Fedha hakuzipata kama alivyotarajia, lakini akiwa New York alisoma habari za Azusa, akaomba, akajazwa Roho, akarudi nyumbani Desemba mwaka huo na moto mwingine. Mwaka 1907 mchungaji kijana wa Kibaptisti kutoka Uswidi, Lewi Pethrus, alikwenda kumsikiliza. Pethrus alikuja kuwa mchungaji wa kanisa la Filadelfia, Stockholm, na mwaka 1913 kanisa hilo zima lilifukuzwa katika umoja wa Wabaptisti kwa sababu ya kuwakaribisha kwenye Meza ya Bwana waumini wa makanisa mengine.

Kufukuzwa huko kuliacha alama inayoonekana hadi Kasulu na Nzega. Baada ya kuumizwa na uongozi wa juu, Wapentekoste wa Uswidi walishikilia kwamba kila kanisa la mahali linajitegemea chini ya Kristo, lina wazee wake, na hutuma wamisionari wake lenyewe. Ndiyo maana makanisa yaliyotokana na kazi yao hapa nchini yaliungana kwanza kama umoja wa makanisa, uliojulikana kwa muda mrefu kwa kifupi PCAT, na ndiyo maana jina la sasa, FPCT (Free Pentecostal Church of Tanzania), lina neno linalomaanisha kuwa huru.

Waliotangulia walikumbana na shida zipi Kigoma na Tabora?

Magonjwa yalikuwa ya kwanza. Malaria na homa ya mkojo mweusi ziliua wageni, na malale yaliwaandama wenyeji kiasi kwamba katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ilihamisha watu wa maeneo ya Kibondo na Tabora kutoka misitu yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi mapya. Kijiji kilichohubiriwa mwaka huu kingeweza kuwa pori tupu mwaka unaofuata.

Shida ya pili ni kwamba Wapentekoste walikuta watu wengine wametangulia. Ujiji ulikuwa mji wa kale wa Waislamu wenye elimu na biashara yao. Wamisionari wa London walifika Ujiji 1878, Mapadri Weupe 1879, na Wamoraviani walipokea kazi ya Urambo 1898. Waanglikana walikuwa wakifanya kazi Uha, yaani Buha, nchi ya Waha, tangu miaka ya 1930. Misheni za Kiprotestanti zilikuwa na desturi ya kugawana maeneo, kwa hiyo mgeni aliyebatiza upya kwa maji mengi mtu aliyekwisha kubatizwa utotoni alionekana kuwa mwizi wa kondoo. Tukumbuke pia kwamba walioonekana kuibiwa walikuwa na uchungu wa kweli: walikuwa wamezika watu wao huku, na shule ambamo wainjilisti wengi wa Kipentekoste walijifunza kusoma zilikuwa zao.

Shida ya tatu ilikuwa nyumbani kwa muumini. Aliyeokoka aliacha pombe ya ndizi, na katika Buha pombe hiyo ndiyo iliyokuwa ikipatanisha koo, ikipokea mahari na kumsindikiza marehemu. Kukataa kibuyu mbele ya baba mkwe kulihesabiwa kuwa kumkataa baba mkwe. Mwenye wake wawili alijikuta kanisani haruhusiwi kubatizwa na nyumbani hawezi kumfukuza mama wa watoto wake. Upande wa Tabora likaongezeka la tumbaku: mkulima wa Urambo aliyefundishwa kwamba kuvuta ni dhambi alibaki akijiuliza kama kulima na kuuza ni halali, hasa pale ambapo hakuna zao jingine la kumlipia ada ya mtoto. Swali hilo bado linaulizwa, na wachungaji hawalijibu kwa namna moja.

Penye magonjwa, hata hivyo, palihitajika pia tiba, na hapa Wapentekoste walijifunza jambo. Wengi wa mwanzo waliona dawa kuwa upungufu wa imani. Lakini wauguzi Waswidi walifungua zahanati, na hospitali ya Nkinga, wilayani Igunga, ambayo leo ni hospitali ya rufaa chini ya FPCT, hupokea wagonjwa wa dini zote kutoka mikoa kadhaa. Kuwekewa mikono na kuchomwa sindano vimekaa pamoja huko kwa muda mrefu bila ugomvi.

Je, Wapentekoste ndio walewale Walokole?

Hapana, ingawa ni majirani wa karibu. Uamsho wa Walokole ulianzia Gahini, Rwanda, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kwa watu kama Blasio Kigozi, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, ukaenea Burundi, Uganda na Buha. Wao walisisitiza kutubu hadharani na kutembea nuruni, na kwa kawaida walibaki ndani ya makanisa yao, hasa ya Kianglikana. Wapentekoste walisisitiza ubatizo wa Roho na karama, na walianzisha makanisa yao. Salamu ya “Bwana Yesu asifiwe”, inayotumiwa leo na wote, imezoeleka sana kutokana na pande hizo mbili kuishi pamoja.

Wakimbizi wa Burundi wana sehemu gani katika historia hii?

Sehemu kubwa sana. Baada ya mauaji ya 1972, makumi ya maelfu ya Warundi walivuka mpaka na kupelekwa Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba, na baadaye Mishamo. Miongoni mwao walikuwemo Wapentekoste wa makanisa yaliyotokana na kazi iliyoanza Kiremba 1935. Walipewa majembe na msitu. Walianza ibada chini ya miti kabla ya kuwa na paa lao wenyewe la nyasi, wakiwa na wajane wengi, na wachungaji ambao wengine hawakujua kama wake zao walikuwa hai. Makanisa ya Ulyankulu yalikua hata yakawa miongoni mwa yenye nguvu katika nchi nzima.

Mwaka huohuo wa 1972 vijiji vya Kigoma vilihamishwa katika Operesheni Kigoma. Watu walitoka milimani wakaenda kando ya barabara, na walioacha kanisa la udongo nyuma yao walilazimika kufyatua matofali upya. Baada ya 1993 walifika wakimbizi wengine wa Burundi, na 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo, ambao wengi wao walikuja na Upentekoste wa Uvira na Fizi. Hivyo injili iliyokuwa imeanza ng'ambo ya ziwa 1921 ilirudi Kasulu ikiwa mikononi mwa watu waliopoteza kila kitu kingine.

Mbona makanisa ya Kipentekoste ni mengi hivi: FPCT, TAG, EAGT, PEFA, na mengine?

Mengine yalitofautiana tangu chanzo. Tanzania Assemblies of God huhesabu mwanzo wake 1939, na ilianza nyanda za juu kusini, siyo huku magharibi. Mengine yalizaliwa kwa kutengana hapa hapa: EAGT iliundwa 1991 chini ya Askofu Moses Kulola baada ya kutoka TAG. Sioni sababu ya kuficha utengano huo wala ya kuusifu.

Nani hasa walihubiri katika vijiji vyetu, na habari zao zitapatikana wapi?

Wainjilisti wenyeji. Mmisionari mmoja aliweza kuwa na eneo la mamia ya kilomita, hajui Kiha vizuri, na mvua ikinyesha gari halipiti. Aliyetembea kwa miguu kutoka Kalinzi kushuka mabonde, akalala kwa watu, akafundisha nyimbo na kumzika marehemu, alikuwa mkulima asiye na mshahara na mwenye Biblia moja. Barua zilizotumwa Ulaya zilitaja majina ya wamisionari. Wainjilisti hao mara nyingi ziliwaita tu “mwinjilisti wetu”.

Kwa hiyo asiyetaka majina hayo yapotee aanze na kitabu cha ubatizo cha kanisa lake, ambacho huonyesha nani alibatiza, mto gani na mwaka gani. Kisha awaendee wazee na akina mama wa umri mkubwa, aulize mambo madogo yenye majibu: nani alikuwa wa kwanza kuokoka katika ukoo huu, ibada ya kwanza ilifanyika uani kwa nani, nani alitoa kiwanja, nani alifukuzwa nyumbani na alikaa kwa nani, nyasi za paa zilikatwa wapi. Aandike jina kamili, kijiji na mwaka, na pale mzee asipokumbuka mwaka aulize kama ilikuwa kabla au baada ya Operesheni. Nakala moja ibaki kwa katibu wa kanisa na nyingine kwa familia, kwa kuwa madaftari ya makanisa yetu huliwa na mchwa.